Mashine Iliyochukia Kijani

Mwiti alisimama katikati ya lango la shamba lake, panga mkononi, akamtazama Jedidah Njura kuanzia buti hadi kitambaa cha kichwa.

"Rudia," alisema. "Nataka majirani wasikie."

Majirani walikuwa wamejipanga kando ya ua wa michongoma, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyekuwa akitabasamu. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na mashamba ya waru, yaani viazi, ya Ruiri yalikuwa hayajapendeza hivyo kwa muda mrefu.

"Waru zako zina virusi, mzee," Jedidah alisema. "Majani tuliyochukua yalipimwa kule kituoni Embu. Kiwango kiko juu sana. Zikiachwa, ugonjwa utaenea hapa kote."

"Nani amepima?"

"Ni mashine. Mimi ndiye ninayeiendesha."

"Mashine ya Embu." Mwiti aliwageukia majirani. "Mmesikia? Watu wa Embu wamechoka kutafuna majani yao ya muguka, sasa wanakuja kutufundisha waru."

Watu walicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa na furaha. Veronicah, afisa wa kilimo aliyetoka Meru mjini na kibali cha kung'oa, aliwaashiria askari wawili. Mmoja alimshika Mwiti mkono, mwingine akachukua panga. Mwiti hakupigana. Alikaa tu akitazama vibarua wakiingia na majembe, wakaanza mstari wa kwanza, wa pili, wakiirusha mimea katika chungu moja iliyokuwa ikingoja mafuta ya taa.

Jedidah alitazama pia, na ndipo moyo ulipoanza kumsumbua. Majani yale yalikuwa mapana, ya kijani kizito, kijani kinachokaribia weusi. Hayakuwa na baka wala mkunjo. Mwiti alikuwa amelisha shamba lile samadi mpaka udongo ukabadilika rangi.

Ng'ambo ya ua lilikuwa shamba la Rwamba, na mashine ilikuwa imelipitisha. Rwamba mwenyewe alikuwa ameegemea mti wa uzio akiwa na uso wa mtu aliyeponea chupuchupu.

"Asante, daktari," alimwita Jedidah. "Mashine yako inajua mtu mwema."

Majani ya Rwamba yalikuwa na madoadoa ya manjano na yalikuwa yamejikunja kingo kama karatasi iliyokaribia moto. Jedidah aliyaona. Alichuma machache, akayatia kwenye mfuko wa plastiki. Kisha alirudi kwenye chungu ya Mwiti akachuma mengine.

"Unaiba hata za kuchomwa?" Mwiti aliuliza. Alimkaribia mpaka Jedidah akasikia joto la pumzi yake. "Jina lako nani?"

"Jedidah Njura."

"Jedidah Njura. Usiku na mchana nitakuwa nalitaja hilo jina, na sitakuwa nikikuombea."

Alitema mate. Yalimwangukia kwenye buti. Jedidah hakuyafuta hadi gari lilipofika Meru.

*

Kituo cha utafiti kilikuwa juu ya kilima, nje kidogo ya mji wa Embu. Maabara ya mashine ilikuwa chumba cha mwisho, chenye mapazia meusi, na mwenyewe alikuwa Daktari Njuki.

Njuki alikuwa shemeji ya Jedidah, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, Nthiga. Ndugu hao wawili walikuwa wameijenga mashine pamoja. Njuki alileta vioo na dhahabu kutoka masomoni ng'ambo, Nthiga akatengeneza vyuma. Kisha Nthiga akafa barabarani karibu na Runyenjes, siku ambayo Jedidah alimpigia simu arudi nyumbani kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Njuki hakumlaumu mbele ya watu. Alimlaumu maabara, kidogokidogo, kila siku.

"Mama Purity," Njuki alisema mara Jedidah alipoingia. Alimwita hivyo, kwa jina la binti yake, kwa sauti ambayo mtu hutumia kumwita mjakazi. "Nasikia mlimaliza bila fujo."

"Tuling'oa shamba lenye afya kuliko yote niliyoyaona Ruiri."

"Mashine haiangalii uzuri."

"Na tumeliacha la jirani yake, ambalo ni gonjwa. Mtu yeyote mwenye macho anaona."

Njuki aliweka kalamu chini. "Macho ndiyo yaliyowaletea wakulima hawa hasara miaka yote. Mtu akiona ugonjwa kwa macho, umeshachelewa. Ndiyo maana tukatengeneza mashine."

Alichosema kilikuwa kweli, na Jedidah alijua jinsi mashine ilivyofanya kazi kuliko mtu yeyote pale isipokuwa Njuki. Kulikuwa na kipande cha kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba sana, nyembamba hata mwanga ungeweza kupenya. Mwanga mwekundu wa leza ulipigwa chini ya kioo, ukadunda kwenye dhahabu, ukapokewa upande wa pili na jicho la umeme. Kwa pembe nyingi mwanga ulirudi karibu wote. Lakini kulikuwa na pembe moja ambapo elektroni za dhahabu zilianza kuyumba kwa pamoja, mawimbi ambayo wanafizikia huyaita plazmoni, zikaumeza mwanga. Hapo jicho la umeme liliona giza.

Pembe ya giza hilo ilitegemea kilichoigusa dhahabu upande wa juu. Njuki alikuwa ameipaka protini za kinga zinazokamata virusi vya waru. Virusi vikinaswa, giza lilisogea, likahamia pembe nyingine kidogo. Hapo zamani mkono wa chuma alioutengeneza Nthiga ulikuwa ukizunguka polepole, ukilitafuta giza popote lilipohamia. Baada ya kifo chake, Njuki aliufunga mkono kwa gundi ngumu kwenye pembe ile ya giza. Kuzungusha kulichukua muda, na wizara ilitaka majibu ya haraka. Sasa mashine ilisoma namba moja tu, yaani mwanga uliorudi kwa pembe hiyo. Namba ikipanda, giza limesogea. Giza likisogea, kuna virusi.

"Nataka kuufungua mkono," Jedidah alisema.

"Hapana."

"Nizungushe mara moja tu, nione giza lenyewe."

"Nimesema hapana. Unajua gundi ile niliitia siku gani? Baada ya matanga. Mkono ule uliguswa na ndugu yangu mara ya mwisho, na hautaguswa na wewe."

"Nthiga angekuuliza swali hili hili."

Njuki alisimama. Alikuwa mtu mrefu, na chumba kilikuwa kidogo. "Nthiga angeuliza mengi kama ungemwacha alale Meru siku ile. Toka nje."

Jedidah alitoka. Alijua mahali patasi ilipowekwa.

*

Kesho yake Njuki alienda mkutanoni mjini. Asubuhi hiyo, kabla ya kutoka nyumbani kwake katika mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu, Jedidah alikuwa amechuma majani ya sukuma wiki nyuma ya jikoni. Aliyachagua yaliyo mabichi na mazito zaidi.

Aliyasaga kwa kinu cha maabara kwa njia ile ile, akachuja, akapata utomvu wa kijani. Hakuna kirusi cha waru kinachoishi ndani ya sukuma wiki. Aliumimina utomvu juu ya dhahabu, akafunga mapazia, akawasha leza.

Namba ilipanda. Ilipita mstari wa hatari, ikaendelea kupanda, ikatulia juu zaidi ya ile ya shamba la Mwiti.

Jedidah alikaa kwenye kiti. Kisha aliinuka, akachukua patasi na nyundo, akaivunja gundi ya Njuki vipande vipande.

Mkono wa chuma ulikwama kwanza, halafu ukalegea. Aliuzungusha kwa kidole, taratibu, akisoma mwanga kwa kila pembe. Kama utomvu ungekuwa na virusi, giza lingekuwa limehama. Halikuwa limehama. Lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote. Lakini lilikuwa limechakaa: kina chake kilikuwa kimepungua, kingo zake zimetanuka, kama shimo lililomwagiwa mchanga nusu.

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtia hasira. Kijani cha majani hufyonza mwanga mwekundu. Mmea huishi kwa hicho. Leza yao ilikuwa nyekundu. Plazmoni zilipoyumba juu ya dhahabu, kijani kilichokuwa kimeigusa dhahabu kilizinyang'anya nguvu, zikadhoofika, na dhahabu haikuweza tena kuumeza mwanga kama mwanzo. Mwanga zaidi ukarudi. Jicho la umeme, likiwa limefungwa pembe moja, halingeweza kutofautisha giza lililohama na giza lililofifia. Yote mawili yalikuwa namba inayopanda.

Aliuondoa utomvu juu ya dhahabu kwa maji safi. Giza likarudi zima, jeusi kama awali. Hakuna kilichonaswa.

Alipima majani ya Mwiti: giza lilififia, halikuhama, alipoosha, likarudi. Alipima ya Rwamba, yale ya manjano. Namba ilipanda kidogo tu, kwa kuwa kijani kilikuwa kichache. Lakini alipoosha kwa maji na kuzungusha mkono, giza lilikuwa limehama, na halikurudi. Virusi vilikuwa vimeng'ang'ania dhahabu.

Na walipoijaribu mashine mara ya kwanza, walitumia majani yasiyo na ugonjwa kutoka miche ya kibandani, iliyokuzwa kivulini, myembamba na myeupemyeupe. Ndiyo maana hakuna aliyeona. Tangu hapo mashine ilikuwa ikiwahukumu wakulima kwa kosa la kutunza mashamba yao.

Mlango ulifunguliwa. Njuki aliingia, akaona vipande vya gundi sakafuni, akaona patasi.

Hakupiga kelele. Jedidah angependelea apige.

"Nitakufungulia kesi," alisema. "Nakuapia. Hata Purity atakua akijua mamake ni nani."

"Tazama kwanza."

"Sitazami kitu."

"Hii ni sukuma wiki yangu ya Dallas, shemeji. Mashine inasema ina virusi vya waru."

Njuki alibaki amesimama. Macho yake yalienda kwenye chupa ya utomvu, kisha kwenye leza, kisha kwenye mkono uliolegea. Hakuhitaji kuelezwa. Jedidah alimwona akifika mwisho wa wazo lile katika muda ambao mtu hunywa maji, na alimwona akizeeka.

"Kijani," Njuki alisema.

"Kinafyonza."

"Funga mlango."

Jedidah aliufunga.

"Kuna wageni wa wizara wanakuja," Njuki alisema kwa sauti ya chini. "Wakishaondoka nitarekebisha. Nitaweka kuosha, nitaufungua mkono. Mpaka hapo hujaona kitu."

"Alhamisi wanang'oa mashamba mengine Ruiri."

"Wang'oe. Ukisema sasa, nitasema uliivunja mashine kwa chuki, na kila mtu anayetufahamu ataamini. Wewe ndiye uliyeiendesha. Saini zote ni zako."

"Najua."

"Basi kaa kimya kwa faida yako."

Jedidah alimpita, akaenda ofisi ya mbele, akainua simu mbele ya karani, akaomba Meru, ofisi ya kilimo. Alipompata Veronicah, alizungumza kwa sauti ambayo Njuki angeisikia kule mwisho wa ukumbi.

*

Veronicah alifika siku iliyofuata akiwa amenuna tangu mlangoni. Alisimama maabara na mkoba begani, hakukaa, huku Jedidah akirudia kipimo cha sukuma wiki. Njuki alisimama ukutani, mikono nyuma.

Namba ilipopita mstari wa hatari, Veronicah alimgeukia Njuki. "Hii ni mboga?"

"Aliyeiendesha mashine ni yeye," Njuki alijibu.

"Ni kweli," Jedidah alisema. "Na aliyeufunga mkono wake ni yeye."

"Sitaki kujua ni nani!" Sauti ya Veronicah ilipasuka. "Nimemng'olea mtu shamba nikiwa na askari! Nimechoma chakula! Nyinyi mnasimama hapa mnarushiana kama watoto wa mama mmoja wanaogombea mfupa!"

Veronicah alifuta uso kwa kiganja, akasema ung'oaji umesimama kuanzia saa hiyo, na kwamba Jedidah angeenda naye Ruiri kumweleza Mwiti. "Mimi siwezi kueleza mambo ya dhahabu. Utaeleza wewe, na akikukata kwa panga, mtajuana."

Walipotoka, Jedidah alitazama nyuma. Njuki alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, akikwangua mabaki ya gundi kwa ukucha wa kidole gumba. Hakuinua kichwa.

*

Mwiti alikuwa akichimba mahali palepale palipokuwa na waru zake. Aliwaona wakija, akaendelea kuchimba mpaka walipokuwa karibu kabisa.

Jedidah alimweleza akiwa amesimama juani. Hakutumia maneno makubwa. Alimwambia kwamba mashine hutazama kwa mwanga mwekundu, na kwamba majani ya kijani huula mwanga huo. Alimwambia kadiri majani yalivyokuwa na afya ndivyo mashine ilivyoyaona kuwa mabaya.

Mwiti alisikiliza hadi mwisho. Kisha alicheka, kicheko kifupi kilichotoka puani.

"Kwa hivyo kama ningekuwa mvivu," alisema, "ningekuwa na waru leo."

"Ndiyo."

"Kama nisingeweka samadi."

"Ndiyo, mzee. Pole."

"Usiniambie pole." Alinyanyua jembe, na Veronicah akarudi nyuma hatua, lakini Mwiti aliliweka begani tu. "Pole hailiwi. Mke wangu ameenda kwao Muthara kuomba mbegu kwa kaka zake, mtu aliyekuwa akiwapelekea wao magunia. Ulitaka nikuambie nini? Kwamba umefanya vizuri kuja?"

"Hapana."

"Vizuri. Kwa sababu sisemi." Alielekeza kidevu ng'ambo ya ua. "Na huyu je?"

"Lake ndilo gonjwa," Jedidah alisema.

Uso wa Mwiti ulibadilika, na haukuwa uso wa huruma. "Twende ukamwambie. Hilo nataka kulisikia kwa masikio yangu."

Rwamba aliwapokea kwa mikono miwili na kuagiza chai. Jedidah alipoanza kusema, mikono ile ilishuka. Aliposema neno virusi, Rwamba alimwambia mtu wa nyumbani arudishe chai jikoni.

"Wiki iliyopita mashine ilisema mimi ni mzima," alisema. "Leo inasema mimi ni mgonjwa. Kesho itasema mimi ni ng'ombe?"

"Wiki iliyopita tuliisoma vibaya."

"Na leo?"

"Leo tumeiosha kwanza. Tumezungusha mkono. Tumeona giza lenyewe likihama."

"Giza!" Rwamba alimgeukia Mwiti. "Ni wewe. Umemlisha maneno kwa sababu ulichomewa. Hukuweza kulala ukiona langu limesimama."

Mwiti aliingia shambani kwa Rwamba, akashika shina la kwanza lililokuwa mbele yake, akang'oa. Chini kulikuwa na viazi vidogo kama gololi, vichache, vimesinyaa. Akang'oa la pili. Vilikuwa hivyo hivyo. Rwamba alimrukia, wakashikana mashati, wakaangukiana kwenye mtaro, na ilibidi Veronicah na jirani mmoja wawatenganishe.

Walipoachana, Rwamba alikaa kwenye udongo, akakiokota kimoja cha vile viazi. Alikigeuza mkononi. Alikikata kwa ukucha, akatazama ndani. Jedidah alimwona akigundua kwamba alikuwa amejua siku nyingi, na kwamba kipimo kilimruhusu asijue.

"Ng'oeni," Rwamba alisema hatimaye. "Lakini wewe, mama, usiingie. Hawa wengine sawa. Wewe hapana."

Veronicah alitaka kusema neno, Jedidah akamzuia kwa mkono. Hapakuwa na vibarua siku hiyo. Veronicah alivua viatu vyake vya ofisi, akaviweka kando ya mtaro, akaingia. Mwiti, shati limepasuka begani, alianza mstari wa pili bila kuombwa na mtu. Rwamba alichukua wa tatu. Walifanya kazi kila mtu akimpa mwenzake mgongo.

Jedidah alibaki barabarani. Jua lilikuwa kali, na watu waliopita walimtambua. Wengine walisema jina lake wao kwa wao, wengine walilisema ili alisikie. Mama mmoja aliyebeba kuni alisimama akamtazama toka juu hadi chini, akaendelea na safari. Jedidah hakuingia garini. Alikaa pale pale hadi mstari wa mwisho ulipong'olewa.